Kukata Hanamu kwa Mashine ya Kompyuta: Wajibu wa Fundi na Wajibu wa Katibu

(Haya ni maneno ya mazungumzo aliyoyatoa Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya mafundi seremala vilivyo wanachama wa Chama chetu Kikuu. Tunayachapa kwa ombi la vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Ilipotangazwa kwamba nitazungumza juu ya mashine ya kukatia mbao, baadhi yenu mlitazamana, kwa kuwa mmenizoea kwa habari za stakabadhi na vitabu vya hesabu. Ni kweli kwamba mimi si seremala. Hata hivyo, katika ukaguzi wangu wa vyama vya mafundi, hasara iliyonikosesha usingizi kuliko zote haikutoka katika sanduku la fedha. Ilitoka kwenye ukingo wa ubao. Nitaisimulia hasara hiyo, lakini kwanza hatuna budi kuelewana juu ya kazi yenyewe, maana asiyeielewa kazi hawezi kuikagua, wala hawezi kuiandikia hati ya manunuzi.

HANAMU NA HESABU YAKE

Fundi anapotengeneza sanduku la pembe nne, na akataka viungo visionyeshe kichwa cha ubao, hukata kila ukingo hanamu ya nyuzi 45. Kingo mbili zikikutana hufanya nyuzi 90, na kona hukaa sawa. Jambo hili kila mwanagenzi analijua. Taabu huanza pale mteja anapotaka kitu cha pembe nyingi zaidi, kama vile kitako cha meza chenye pembe sita, au chombo cha kupandia maua chenye pembe nane.

Kanuni yake ni nyepesi na haihitaji elimu kubwa. Chukua 180, ugawe kwa idadi ya pande. Jibu ndilo hanamu ya kila ukingo. Pande tano ni nyuzi 36. Pande sita ni nyuzi 30. Pande nane ni nyuzi 22 na nusu. Pande kumi na mbili ni nyuzi 15. Kanuni hii ni ya maumbo ambayo pande zake zote ni sawa na kuta zake zimesimama wima. Kuta zikilalia nje au ndani, kama za beseni, hesabu ni nyingine.

Sasa tazameni jambo moja. Kila ubao una kingo mbili, kwa hiyo umbo la pande nane lina kingo 16. Ukizijumlisha hanamu zote, utapata nyuzi 360, yaani mzunguko mzima, na ndivyo ilivyo kwa kila umbo la namna hii. Ikiwa kila ukingo umepungukiwa nusu nyuzi tu, ambayo jicho haliwezi kuiona katika ubao mmoja, basi kingo 16 zitapungukiwa nyuzi 8. Kwa mbao zenye upana wa milimita 200, ukiunganisha viungo saba vikabana vizuri, kile cha nane kitabaki wazi kwa zaidi ya milimita 30. Hapo hakuna ubao hata mmoja utakaoonekana kuwa na kosa. Kila mmoja una kosa dogo, na la pamoja limekaa mahali pa mwisho.

Fundi akilazimisha viungo vibane kwa kamba na klampu, ufa utamwambia kosa ni la upande gani. Ufa ukionekana kwa nje, hanamu ni pungufu. Ufa ukionekana kwa ndani, hanamu imezidi. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

MASHINE INAVYOKATA

Mashine ya CNC, yaani ruta inayoongozwa na kompyuta, si jambo la jana. Mwaka 1952 wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani walionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata tarakimu zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Fikra hiyo ilitokana na John T. Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Leo utepe umeondoka na kompyuta imeshika nafasi yake, na mashine imefika katika karakana zetu.

Mashine nyingi zinazonunuliwa na vyama vyetu zina mienendo mitatu tu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kichwa chake husimama wima wala hakiinami. Ziko mashine ambazo kichwa chake huinama, lakini bei yake ni ya juu mno kwa chama kidogo. Swali basi ni hili: kichwa kisichoinama kitakataje ukingo ulioinama? Ziko njia nne.

Njia ya kwanza ni kutumia kisu chenye umbo la herufi V. Kisu hiki chenyewe kina mshazari, kwa hiyo kikipita wima huacha hanamu kila upande. Ni njia ya haraka, nayo ndiyo inayotumika zaidi.

Njia ya pili ni kutengeneza kiunzi cha hanamu, yaani kitako cha mbao kinachoulaza ubao kwa nyuzi zinazotakiwa, kisha kisu cha kawaida kilichonyooka kikakata wima. Njia hii yafaa pale ambapo hakuna kisu cha V chenye nyuzi zinazohitajika. Sharti fundi ahakikishe kwamba kichwa cha mashine kina nafasi ya kutosha ya kupanda juu ya kiunzi, na kwamba kisu hakitagonga klampu.

Njia ya tatu ni kukata kwa ngazi ndogo ndogo kwa kisu chenye ncha ya mviringo, kisha kulainisha kwa msasa. Ubao wa milimita 18 ukikatwa kwa ngazi za nusu milimita una ngazi 36. Muda mwingi hupotea, na msasa wenyewe waweza kuiharibu hanamu. Njia hii yafaa kwa pambo, haifai kwa kiungo cha gundi.

Njia ya nne ni kuiachia mashine ikate umbo tu, na hanamu ikakatwe kwenye msumeno wa meza ambao bamba lake huinama. Mwanachama asione haya kuitumia njia hii. Kuwa na mashine mpya si sababu ya kuutupa msumeno wa zamani uliopimwa vizuri.

KUHUSU KISU CHA V

Hapa ndipo penye mtego, nami nawaomba makatibu wasikilize hata kuliko mafundi. Nyuzi zinazoandikwa kwenye kisu cha V kwa kawaida ni za kisu kizima, kuanzia upande mmoja wa mdomo wake hadi wa pili. Hanamu inayobaki kwenye ubao ni nusu yake. Kisu kilichoandikwa 90 hukata hanamu ya nyuzi 45. Kilichoandikwa 60 hukata 30. Kilichoandikwa 45 hukata 22 na nusu. Kilichoandikwa 30 hukata 15. Hivyo kwa umbo la pande sita tunahitaji hanamu ya 30, lakini kisu cha kuagiza ni cha 60. Wauzaji wengine huandika nyuzi za upande mmoja, kwa hiyo katibu asiandike namba peke yake. Aandike: "kisu cha V, nyuzi 60 kwa kisu kizima."

Upana wa kisu nao una hesabu yake. Kwa ubao wa milimita 18 na hanamu ya nyuzi 30, mfereji unaobaki juu ya ubao una upana wa karibu milimita 21. Kisu chembamba kuliko hapo hakitaikata hanamu nzima kwa mpito mmoja. Kwa hanamu ya nyuzi 45 mfereji hufikia milimita 36, na kwa nyuzi 22 na nusu hufikia 15. Wala kisu kisilazimishwe kuzama chote mara moja; kikate kwa mipito kadhaa.

Jambo jingine ni mahali pa kuanzia kupima kina. Uso mpana wa ubao, ambao utakuwa nje ya sanduku, hulala chini, na kisu hukata kutoka upande wa ndani. Fundi wengi huweka sifuri kwenye uso wa juu wa ubao. Mbao zikiwa na unene tofauti, kosa huingia hapo. Ubao uliopungua unene kwa milimita moja utakatwa na kisu kilichozama zaidi ya uso wake wa chini, na kwa hanamu ya nyuzi 30 upana wake wa nje utapungua kwa zaidi ya milimita moja. Ubao ulionenepa hautakatika wote, utabaki na mdomo. Basi sifuri iwekwe kwenye meza, yaani kwenye ubao wa kulalia, na mbao zote zipigwe randa hadi unene mmoja kabla ya kupandishwa mashineni.

Kwa umbo la bapa lililokatwa pembeni mwake, kama uso wa meza wa pembe nane, kona za nje hutoka kali na safi. Lakini ukikata tundu la pembe nane katikati ya ubao, kona za ndani hutoka na mviringo upande wa juu, kwa sababu kisu chenyewe ni cha mviringo. Hapo patasi ya mkono haina mbadala. Mteja aambiwe mapema, na kazi hiyo ya mkono iingizwe katika bei.

HABARI YA MBAO 144

Sasa nije kwenye hasara niliyoitaja. Jina la chama silitaji, wala la mtu yeyote. Chama hicho kilikopa fedha za mashine kwa utaratibu, ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa vitako 24 vya meza, vya pande sita, kwa mbao za mninga. Kila kitako kilihitaji mbao sita, yaani mbao 144 kwa jumla. Malipo ya kazi hiyo ndiyo yaliyotarajiwa kulipia awamu ya kwanza ya mkopo.

Fundi alipiga hesabu vizuri: 180 gawanya kwa 6, jibu ni 30. Akamwambia katibu, "Tunahitaji 30." Katibu akaandika katika hati ya manunuzi, "Kisu cha V, 30." Mtunza ghala akapokea kisu kilichoandikwa 30, akalinganisha na hati, akatia sahihi. Kijana mwendesha mashine akakifunga kisu, akakata mbao zote 144 kwa siku moja. Mashine haikukosea hata mara moja.

Kesho yake walipounganisha mbao sita za kwanza, hazikufunga. Kila ukingo ulikuwa na nyuzi 15 badala ya 30, na mbao sita zilizunguka nusu tu ya mzunguko. Kwa hanamu ile zingehitajika mbao 12.

Ndugu zangu, hadi hapo chama kilikuwa kimepoteza siku moja na bei ya kisu kimoja. Kumbukeni nilivyosema juu ya ufa wa nje: hanamu pungufu. Ubao wenye hanamu pungufu bado una mbao ya kukata. Uso wake wa nje una upana uleule. Kinachozidi kiko upande wa ndani. Ukiurudisha kwenye mashine, ukaubana dhidi ya kizuio, na kuupitishia kisu sahihi, unapona. Kilichopungua hukatwa tena, lakini kilichozidi hakirudi.

Lakini vijana wale waliogopa. Walijua habari ya mkopo, walijua bei ya mninga, na walijua jinsi mwenyekiti anavyosema mkutanoni. Hawakumwambia mtu. Kwa muda wa wiki moja walijaribu kuzirekebisha mbao kwa randa ya mkono wakati wa jioni, wakiulazimisha kila ubao ufuate wa jirani yake. Walizipiga randa mbao 30, na zote 30 zikapungua upana, kila mmoja kwa kiasi chake. Hizo hazikupona tena. Ni mbao za vitako vitano.

Nilipofika kukagua nilikuta kamati imekwisha amua: gharama yote ikatwe katika malipo ya mwendesha mashine. Kijana yule alikuwa ameandika barua ya kujitoa uanachama na kudai hisa zake. Niliomba nione kitabu cha kazi za mashine. Kilikuwepo, chenye jalada zuri, na ndani yake hakukuwa na neno. Nikakumbuka kwamba miezi minne nyuma nilikiona kitabu hicho hicho kikiwa kitupu, na katika taarifa yangu niliandika, "Vitabu vipo." Nikatia sahihi. Sikusema uwongo, kwa maana vitabu vilikuwepo.

Basi nikasimama mbele ya mkutano mkuu nikaisoma taarifa yangu ya zamani kwa sauti. Nikawaambia: fundi alitaja namba bila kueleza ni ya nini, katibu aliiandika bila kuuliza, mtunza ghala alilinganisha karatasi na karatasi, mwendesha mashine hakuunganisha sampuli hata moja kabla ya kukata zote, nami nilipitisha kitabu kitupu. Kila mmoja wetu alipungukiwa nusu nyuzi, na kijana huyu ndiye aliyekuwa kiungo cha mwisho, mahali ambapo ufa huonekana.

Mkutano ulibishana kwa muda mrefu, na ilikuwa haki ubishane, kwani fedha zilikuwa za wanachama. Mzee mmoja alisema kwamba kusamehe kila kosa ni kufundisha uzembe, na hakusema vibaya. Mwisho wake walikubaliana mambo mawili. Kosa lililoripotiwa siku ileile litabebwa na chama. Kosa lililofichwa litabebwa na waliolificha, kwa sehemu ile iliyoongezeka kwa sababu ya kufichwa. Kwa hiyo kisu na siku iliyopotea vilibebwa na chama, na mbao 30 zikagawanywa kati ya vijana watatu walioshiriki, zikatwe kidogo kidogo. Mbao 114 zilikatwa upya kwa kisu cha 60, vikapatikana vitako 19. Vitano vilinunuliwa mbao mpya. Kazi ilichelewa, mteja alinung'unika, lakini alipokea. Kijana yule aliirudisha barua yake mfukoni.

UTARATIBU NINAOUOMBA

Kutokana na hayo, naomba kila chama chenye mashine ya namna hii kifuate utaratibu ufuatao, nami nitautazama nitakapokuja kukagua:

1. Kila kazi iandikwe katika kitabu cha kazi za mashine kabla ya kukatwa: idadi ya pande, hanamu ya kila ukingo, maandishi yaliyo kwenye kisu, na unene halisi wa mbao uliopimwa kwa kipimo, si uliosemwa na muuzaji.

2. Mtu wa pili aipige hesabu upya bila kutazama jibu la kwanza. Asiwe mwanafunzi wa yule wa kwanza, kwa maana mwanafunzi huona haya kumkosoa mwalimu wake.

3. Likatwe umbo zima la majaribio kwa mbao za taka, vipande vifupi vya unene uleule. Ubao mmoja hautoshi, kwa sababu kosa la nusu nyuzi halionekani katika ubao mmoja. Vipande vipangwe chini ubavu kwa ubavu, uso wa nje ukiwa juu, vibandikwe utepe kwenye viungo, vigeuzwe, kisha vikunjwe bila gundi. Vikifunga, kazi ianze. Visipofunga, mtazame ufa ni wa ndani au wa nje.

4. Kipande kimoja cha majaribio kiandikwe tarehe na namba ya kazi, kitunzwe ghalani hadi mteja atakapolipa.

5. Katibu asiandike namba ya kisu katika hati ya manunuzi bila kuandika ni nyuzi za kisu kizima au za upande mmoja.

6. Kosa liripotiwe siku ileile, na mbao zilizoharibika zisiguswe na mtu yeyote mpaka zitazamwe. Liwe agizo la kamati, libandikwe ukutani karibu na mashine.

Yapo mambo ya usalama ambayo mnayajua: miwani, kinga ya masikio, kifyonza vumbi, na mikono mbali na kisu kinachozunguka. Sitayarefusha, lakini msiyapuuze.

NENO LA MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, wako wanaosema kwamba mashine hizi zitaondoa ufundi. Mimi naona zimeuhamisha. Zamani ufundi ulikuwa katika mkono unaoshika msumeno, na mkono ukikosea ubao mmoja, mtu aliona na kujirekebisha katika ubao wa pili. Mashine haijirekebishi. Ukiipa namba iliyo sawa itakukatia mbao 144 zilizo sawa, na ukiipa namba yenye kosa itakukatia 144 zenye kosa, kwa utii uleule. Kwa hiyo ufundi sasa uko katika kuuliza kabla ya kukata, na katika kusema baada ya kukosea. Kuuliza kwaweza kuandikwa katika kitabu. Kusema hakuandikiki, kunategemea jinsi mwenyekiti na kamati wanavyompokea kijana anayekuja mlangoni na ubao mkononi.

Kile kitabu chenye jalada zuri kimejaa sasa, na chama kimeanza cha pili. Kila ninapofika naomba nikifungue, nami sitii sahihi kabla ya kusoma.